Mzimu wa Turffontein

Nikisikia harufu ya ubani namkumbuka baba mdogo, mvivu wa kutupwa aliyetoka Tanga kuja huku kutajirika kwa kamari ya mbio za farasi. Nyuma ya uwanja wa Turffontein alijichagulia jiwe akalifanya mzimu. Alilifunga vitambaa vyekundu na vyeupe, akalinyunyizia marashi na kulimwagia bisi. Siku moja akanipeleka, maana mimi nimezaliwa huku.

“Mwanangu, jiwe hili halijui Kiswahili. Liombe kwa Kizulu farasi niliyemwekea dau ashinde.”

Nikapiga magoti katika moshi wa ubani, nikaliambia kwa Kizulu: “Mpe mvivu huyu kazi.”

Farasi alishika mkia. Wiki hiyohiyo baba mdogo akaitwa kazi ya ulinzi.

“Eish, mizimu ya huku bure kabisa,” akasema, akaenda kulitemea lile jiwe mate.