Zambarau Niliyoisugua

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusugua rangi ya zambarau nikidhani ni ukungu.

Ilikuwa kwenye darubini ya macho mawili ya mjomba, aliyoachiwa na baharia mmoja bandarini. Nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, nikatoka mtaa wa Ufukoni, mjini, kwenda shambani kwake, karibu na mlango wa Ruvuma, kumsaidia kupiga madebe ili mpunga usiliwe na viboko. Nikaona lenzi za mbele zinang'aa zambarau na kijani. Kwetu ni wachongaji. Kinyago hakijaisha mpaka kisuguliwe kwa jani la msasa, lile linaloparuza kama ulimi wa paka. Nami siwezi kuacha kitu kikiwa nusu safi. Nilisugua kwa msasa, nikamalizia kwa dawa ya meno, mpaka vioo vikawa vyeupe kama vya dirisha. Nikampelekea mjomba kifua mbele.

Nilichokifanya nilikuja kukijua kwenye simu, nikiwa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba. Zambarau ile ni tabaka jembamba linalopakwa makusudi. Kioo kitupu hurudisha sehemu ya mwanga unaokifikia. Tabaka huusaidia kupita. Tena mikwaruzo yangu, ambayo mchana huioni, hutawanya mwanga jua likiwa mbele yako. Viboko hutoka jioni, na mto uko magharibi. Saa ileile mjomba alipohitaji kuona, darubini ilijaa weupe kama tui.

Yeye hakuilaumu darubini. Aliyalaumu macho yake.

"Jana umefukuza kisiki, kaka," mama alimwambia tukila. Wanalima pamoja, yeye na mjomba. "Kesho utanipigia debe mimi."

"Kisiki kile kilikuwa na masikio."

"Labda kilikusikia ukija."

Mjomba alicheka, kisha akanigeukia. "Mpwa wangu, macho yamekwisha. Kuanzia msimu ujao dungu ni lako. Mimi nitakaa nyumbani nimenye mihogo na wazee."

Mama aliitikia kwa kichwa; kijana amepata shughuli. Mimi nilirudisha tonge kwenye sahani. Nikinyamaza, nimefungwa juu ya miti ile msimu hadi msimu, na mtu mzima anaacha kazi yake akiamini anapofuka. Nikisema, watajua kwamba kijana wao anayejidai fundi ameharibu kitu pekee cha thamani alichokabidhiwa. Nilitunga sentensi ya kukiri, nikairekebisha, nikaiona bado ina kasoro, nikaanza upya. Siku zikaenda hivyo.

Jioni moja tukiwa juu ya dungu mjomba alikuwa na darubini usoni, mama akirudi na kuni kando ya matete. "Kweupe," mjomba alisema. Nilikinga jua kwa kiganja, nikatazama kwa macho matupu. Matete yalikuwa yanalala upande mmoja, kuelekea kwa mama.

Nilipiga debe na kupiga kelele. Mama alitupa kuni, akakimbia, akapanda ngazi ya dungu huku kanga imebaki chini. Kiboko alikuja mpaka chini yetu, akaanza kula mpunga taratibu. Hatukuweza kushuka. Tulikaa magoti yakigusana.

"Sikumwona," mjomba alisema, kwa sauti ndogo. "Dada, ningekuua."

Sentensi yangu nzuri ilipotea yote. "Ni mimi, mjomba. Niliisugua kwa msasa. Macho yako hayana kitu."

Nilimweleza kuhusu tabaka na mikwaruzo, vibaya, nikirudia maneno. Mama alinitazama kama anayetafuta mahali pa kunipiga pasipotikisa dungu.

"Kwa hiyo macho yangu mazima?" mjomba aliuliza.

"Mazima."

Aliinama ukingoni kuchungulia. Chini yetu kiboko alikuwa anatafuna. "Basi shuka kwanza," alisema, "ukamsugue na huyo."

Mama alicheka mpaka akanishika bega. Kiboko alichukua muda wake kuondoka.

Siku hizi mjomba analinda mwenyewe, darubini ikiwa na vipande vya bomba la plastiki mbele ya lenzi kukinga jua. Mimi nimerudi Ufukoni, nasafisha miwani na darubini za watu kwa brashi laini. Mkono bado unaniwasha kila nikiona doa, lakini sasa nauliza kwanza kama ni doa.