Maji ya Chumvi na Jicho la Tabita

Kule Ivuna, kwenye mapishi ya chumvi, Jenista alijulikana kwa mkono kabla ya kujulikana kwa sura. Ukiuliza "Jenista yupi?" unajibiwa, "Yule aliyemvunja mwizi meno kwa mwiko." Na ni kweli alimvunja. Jamaa alikuja kuchota chumvi isiyo yake, akadhani mwenye chungu ni mwanamke tu, akaondoka anatema meno mawili kiganjani kama mtu anayekula tikiti.

Lakini msimhukumu upesi, ndugu zangu. Kwao alizaliwa wa sita, na baba yake alikuwa akiwachapa wote kwa zamu, wa kwanza hadi wa sita, hata kama aliyekosa ni mbuzi. Mtoto akajua mapema kwamba duniani kuna wanaopiga na wanaopigwa, akachagua upande wake. Alipoolewa na Kasiani, mtu wa maneno machache, haikupita wiki ikajulikana nani atampiga nani. Kasiani mwenyewe alikuwa akisema kilabuni, wenzake wakicheka mpaka pombe inamwagika: "Ninyi mmeoa wake. Mimi nimeoa askari."

Kazi yenyewe nayo ilikuwa ya kikatili. Unakwangua udongo wenye chumvi juani, unaujaza kwenye chungu chenye matundu chini, unamimina maji, yanachuja taratibu. Yale yanayodondoka ndiyo unayoyachemsha kutwa nzima hadi yawe chumvi. Mikono ya Jenista ilikuwa na makovu ya kuungua kutoka vidoleni hadi viwikoni. Na dawa ya wapika chumvi ni moja: maji ya kwanza, yale yanayotangulia kudondoka, makali kuliko yote. Umeungua, maji ya kwanza. Umejikata na jembe, maji ya kwanza. Unapiga yowe moja, kidonda kinakauka. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia, na Jenista hakuwa ameona bado kidonda kilichoishinda chumvi.

Watoto alizaa watatu. Wawili surua iliwachukua juma moja, akawafukia mwenyewe kwa jembe lake, maana Kasiani alikuwa amekaa chini hawezi kusimama. Akabaki Tabita, wa miaka minne. Jenista alimpenda kwa namna aliyoijua yeye: akisogelea moto, kofi, akikataa uji, kofi, kisha anampakata na kumlisha kwa vidole.

Mwaka wa 1969, mwezi wa saba, akaja Lwitiko. Kijana wa Isongole huko Ileje, mwembamba, na baiskeli yake na sanduku la dawa. Serikali ilikuwa imeamua ndui iishe nchini, na yeye ndiye mchanjaji wa upande ule. Sindano yake fupi, ncha yake imegawanyika mbili, anaichovya kwenye dawa halafu anakudonadona begani mara kumi na tano.

"Kijana," Jenista alimwambia foleni ilipofika kwake, "ukimliza mwanangu nami nitakuliza."

"Mama, mimi hulizwa kila kijiji. Nimeshazoea," Lwitiko akajibu, watu wakacheka. Alipomaliza akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Patavimba. Patajaa usaha, na mtoto anaweza kupata homa. Patatisha, lakini ndivyo inavyotakiwa. Msipaguse, msipaoshe, msipake dawa wala majani. Gamba litakauka na kuanguka lenyewe."

Jenista alisikia. Hata neno moja halikumpita.

Siku ya nane bega la Tabita lilikuwa limetoa jipu jeupe lenye shimo katikati, kwapa limevimba, mwili unachoma. Mtoto alilala kimya, hachezi, hali. Jenista alikuwa ameuona ukimya huo mara mbili. Akachukua mwiba na kibuyu cha maji ya kwanza.

Kasiani akajikaza kusema. "Bwana wa sindano alisema tusipaguse."

"Bwana wa sindano ana mtoto?"

"Sijui. Nadhani hana."

"Basi."

Akamkalia Tabita miguu, akalipasua lile jipu kwa mwiba, akakamua, akamimina. Tabita alipiga yowe hadi majirani wakaacha moto wao. Alirusha ngumi ndogo kifuani kwa mama yake, akatapika, akalowa jasho na kamasi. Jenista akapangusa bega kwa pindo la kanga. Kisha kwa pindo lilelile akapangusa machozi. "Nyamaza. Imekwisha," akamwambia.

Siku ya nne baada ya hapo, jicho la kushoto la Tabita halikufunguka. Kope zilikuwa zimevimba kama kitunguu, na juu yake yameota majipu mawili meupe yenye shimo katikati.

Asubuhi hiyohiyo Lwitiko alirudi kukagua magamba, kama kazi yake ilivyotaka. Aliegemeza baiskeli, akavua kofia ili asalimie. Hakuwahi kumaliza.

Mwiko wa chumvi ni mrefu kama mpini wa jembe. Pigo la kwanza lilitua kwenye mtulinga, mfupa ukalia kama kuni kavu. La pili lilichana mdomo. Lwitiko alianguka, akaanza kutambaa bila kuangalia anakokwenda, akaelekea mekoni. Jenista akamkamata mguu, akamvuta. Chungu kikayumba, kikapinduka, maji ya chumvi yanayochemka yakammwagikia kijana muundini. Sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu. Kasiani alikuja kwa nyuma akamkumbatia mkewe kiunoni, akapata kiwiko cha pua, lakini safari hii hakuachia. Damu yake ilimtiririkia mkewe mgongoni.

"Umempa mwanangu sumu," Jenista alikuwa anasema, pumzi zikimkata. "Nimezika wawili. Huyu simziki. Nitakuzika wewe."

Balozi wa nyumba kumi alifika na wanaume wanne na kamba. Mmoja wao alimchapa Jenista makofi mawili, mwingine akampiga teke la paja, naye akamrudishia kwa kichwa. Walikuwa wameshamlaza Jenista kifudifudi, ndipo Lwitiko akainua mkono wake mzima.

"Mleteni mtoto nimwone."

Akaletwa. Lwitiko alimtazama begani, akamtazama jichoni, uso wake ukabadilika zaidi ya ulivyobadilishwa na mwiko.

"Mama, bega uliliosha na nini?"

"Maji ya kwanza."

"Ukapangusa na nini?"

Jenista, shavu likiwa mavumbini, alitazama kanga yake.

"Na uso je?"

Akalifumbata lile pindo kiganjani.

"Usaha wa begani ndio uliopanda jichoni," Lwitiko akasema. Alitema damu pembeni. "Mimi niliuweka begani. Aliyeupandisha ni wewe, kwa hilo pindo. Mtoto akijikuna ukaingia kwenye kioo cha jicho, hataona nalo tena. Tazama wenzake."

Watoto wa majirani walikuwa wamesogea kutazama ugomvi. Mabega yao yalikuwa wazi. Kila bega na gamba lake, dogo, jeusi, kavu. Jenista aliyatazama yote, moja baada ya jingine.

Balozi alitaka afungwe hapohapo, apelekwe mahakamani.

"Mfungeni mtoto mikono kwanza," Lwitiko akasema. "Mama mtamfunga baadaye."

Hospitali ya misheni ilikuwa juu Mbozi. Bahati ikawa lori la Zahoro lilikuwa linapakia chumvi ya kupeleka Mlowo. Wakapandishwa juu ya magunia: Lwitiko mkono umefungwa kwa matambara, mguu umetoka malengelenge, Jenista na Tabita mbele yake, na mgambo mmoja wa kumlinda. Zahoro aliwaangalia, akatikisa kichwa. "Nimewahi kubeba mbuzi na chui wa kwenye kizimba lori moja. Lakini chui alikuwa na adabu."

Barabara ilipoanza kupanda mlima, lori likirukaruka, Tabita aliamka. Jicho lilikuwa linawasha. Akataka kujikuna, akakuta mikono imefungwa, akaingiwa na wazimu. Alipiga mateke. Aligonga kichwa kifuani kwa mama yake, akamng'ata mkono hadi meno yakazama. Jenista, bila kufikiri, akainua kiganja.

"Piga," Lwitiko alisema, macho kayafumba kwa maumivu. "Piga tu. Utikise hilo jicho vizuri."

Kiganja kikashuka. Tabita aling'ata tena palepale. Jenista akamwachia mkono. Toka bondeni hadi juu mtoto aling'ata, akapumzika, akang'ata, na mama yake aliikaza mikono ile midogo kwa mkono mwingine, damu ikimdondokea sketi.

Mbozi walikaa siku kumi na nne. Kila siku ilikuwa vita: kumshika, kumfungua kitambaa, kumwosha jicho kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kumfunga tena. Jenista alikataa mtu mwingine amshike. Mikono yake yote ilikuwa na alama za meno.

Polisi alikuja siku ya tatu. Lwitiko, kitandani, alieleza kila pigo, wala hakupunguza hata moja. Ila aliomba Jenista aachwe hadi jicho lifunguliwe. Jenista alimfuata wodini kushukuru, akapiga magoti.

"Simama, mama," kijana alisema. "Sijakusamehe. Muundi huu utanikumbusha kila nikikanyaga baiskeli. Lakini jicho la mtoto halina kesi na mimi."

Siku ya kufungua, polisi alisimama mlangoni. Muuguzi alitoa kitambaa. Kope zilikuwa zimebaki na makovu mawili, nywele zake zimenyonyoka, lakini jicho lilikuwa wazi. Muuguzi akaliziba la kulia kwa kiganja.

"Tabita, hivi ni vidole vingapi?"

Muuguzi akabadilisha vidole.

"Na hivi? Unaviona?"

Mtoto alitazama mbele tu, kanuna. Muuguzi alisogeza taa, akasogeza kijiko, akaita jina lake mara mbili tatu. Hakuna kilichotikisika. Alimtazama Jenista, kisha akatazama chini.

Jenista aliinama. Nzi alikuwa ametua kwenye nywele za mtoto, naye akainua mkono amfukuze, upande ule wa kushoto, kimyakimya.

Tabita akakwepa. Aliingiza kichwa mabegani upesi, akajikunja, akangoja kofi.

"Anaona," muuguzi akasema. "Ee Bwana, anaona vizuri kabisa."

Mkono wa Jenista ulibaki hewani. Hakujua auweke wapi. Halafu akaushusha polepole, polepole sana, ili jicho lile liweze kuufuata hadi chini, akaenda mlangoni kwa polisi.