Kaa wa Shemeji

Pale ziwani hakukuwa na mvuvi ambaye nyavu zake hazikupita mikononi mwa Mama Fundo. Jina lilitokana na fundo lake: dogo, gumu, halifunguki hata uling'ate. Kazi hiyo ya kushona nyavu alifundishwa na mama yake, na aliringa nayo bila kificho.

Balaa lililetwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alikuwa akinunua kaa hai kule mto unakoingilia baharini, anawahifadhi ziwani ndani ya tenga wakisubiri wateja wa hoteli. Tenga likapasuka, kaa wakatawanyika ziwani. Wavuvi wakaja juu, wakataka afukuzwe. Mama Fundo akasimama kumtetea.

“Jamani, hao ni wa maji ya chumvi. Hapa hawazai. Watazeeka, watakufa, yataisha.”

Kila mtu aliamini hivyo, kwa hiyo wakaacha kudai afukuzwe.

Haukupita muda, nyavu zikaanza kurudi zimekatwa ovyo. Siku moja alikuta kaa jike amenasa kwenye nyuzi. Akamgeuza: tumbo limejaa mayai. Akamponda kwa kisigino, kisha akakaa chini, hamu ya kushona imemwisha kabisa.

“Hawazai, eti!” wavuvi walimwambia, wakimtupia nyavu miguuni.

Halafu, ajabu, hasira zikawaisha. Hoteli zilitaka kaa, na kaa hawa walikamatwa kwa mitego ya waya, si kwa wavu. Aliyeuza mitego ni shemeji. Aliyenunua kaa ni shemeji. Yule yule wa kufukuzwa sasa anaitwa Bosi na kupishwa njiani. Mama Fundo hakuna aliyemletea hata uzi. Roho ilimuuma, tena sana. Wote walisamehewa, hata kaa wenyewe, isipokuwa yeye.

Asubuhi moja shemeji akamfuata barazani.

“Shemeji, mbona unakaa bure? Njoo kwangu. Vibarua wangu wanabanwa vidole, mafundo yao yanafunguka. Lako je?”

“Langu halifunguki.”

“Basi si ndiyo hiyo!” Akacheka, hana hili wala lile.

Alikwenda. Angefanya nini? Sasa anashinda kwenye kigoda, anawafunga kaa magando kwa uzi uleule wa nyavu. Majike wenye mayai Bosi ameagiza wasiuzwe. Hao anawatia kwenye ndoo, na ikijaa, ni yeye anayeibeba kwenda kuwamwaga ziwani.