Jina Langu Kwenye Mtaro wa Cucu

Kwetu Tetu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Na si jina tu, watu humchukua kama ni babu mwenyewe amerudi. Marehemu nyanya yangu aliniita "mume wangu" na kuniwekea paja la kuku. Hata leo mama akitaka kunigombeza husita kidogo, maana ni kama anamgombeza baba mkwe wake. Mimi nililifurahia hilo jina miaka yote, bila kuuliza mwenyewe alikuwa mtu wa aina gani.

Kazi yangu ni kubeba maziwa. Asubuhi napita na pikipiki nyumba kwa nyumba, nachukua mitungi, napeleka kituoni. Njiani huwa naota hoteli yangu: vyumba sita, madirisha yote yanaangalia mlima. Mpaka sasa niko na jina la hoteli na vikombe viwili.

Nyumba ya mwisho ni ya Cucu. Si nyanya yangu wa damu, lakini huku kwetu kila mama mzee ni cucu. Ana ng'ombe mmoja na shamba la mawe juu ya kilima. Kila asubuhi alinipa kiazi kitamu cha moto, nikala nikiwa nimesimama. Ila hakuwahi kuniita kwa jina, hata siku moja. Aliniita "kijana wa maziwa." Nikafikiri ni uzee.

Jumapili moja baada ya ibada tuliambiwa tubaki. Kulikuwa na barua ya kupelekwa kwa serikali ya Waingereza, kuhusu watu waliopigwa na kufungiwa vijijini wakati wa emajensi, ile hali ya hatari kabla ya uhuru, na mashamba waliyonyang'anywa kwa sababu ya rangi yao tu. Wazee walio hai walitakiwa waeleze yaliyowapata, vijana wenye mwandiko mzuri waandike. Mwandiko ndio kitu pekee nilichotoka nacho shuleni, kwa hivyo nilichaguliwa.

Mwalimu mmoja mstaafu akasimama. "Wale waliotupiga walishakufa. Mjukuu wao huko kwao ana kosa gani? Hata hajui Tetu iko wapi."

Mimi nikaruka juu. "Mjukuu analala kwa kitanda gani? Kama ni kile babu yake alinunua na jasho yetu, basi akuje aseme pole. Na alipe!"

Watu walipiga makofi. Nilikuwa bado natabasamu wakati mama mmoja anayeuza mboga sokoni aliposema kutoka nyuma, "Ati kitanda? Na wewe, hiyo jina umebeba ni ya nani? Kitanda yako ilitoka wapi?"

Wachache walicheka, halafu wakaacha. Wazee wakaangalia viatu vyao. Cucu alikuwa kwenye benchi la mbele, na hakugeuka.

Nyumbani nilimkuta mama akichambua maharagwe. Nilipomuuliza hakuinua macho.

"Babu yako alikuwa ngati," alisema. Ngati ni wale watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na mkoloni wawachunge wenzao. "Alisimamia lile handaki lililochimbwa kando ya msitu kuwazuia wapiganaji. Wamama na wasichana ndio walichimba. Yeye alikuwa na filimbi."

"Na shamba ya mtoni?"

"Mashamba yaligawanywa upya wakati wengine wako kizuizini. Walioshika filimbi walipewa chini, kwa maji. Wengine wakapewa mawe."

Nikaangalia dirishani. Nduma zetu zilikuwa zimesimama kando ya mto, majani mapana kama miavuli. Nimekula hizo nduma tangu nimeota meno.

Siku mbili zilizofuata nilipita kwa Cucu bila kusimama. Nilipiga honi tu nikaenda, kama mtu mwenye haraka. Siku ya tatu nilimkuta barabarani, amebeba mtungi mwenyewe, ameinama, fimbo mkono mwingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

"Leo una nafasi?" aliniuliza. "Au pikipiki yako haina breki?"

Nikapeleka maziwa nikarudi na daftari.

Tulikaa nje ya jikoni. Alinieleza polepole, akingoja kalamu yangu. Alikuwa msichana mdogo. Walichimba tangu jua linapochomoza, wakisonga kwa filimbi na kusimama kwa filimbi. Siku moja mama yake alianguka mtaroni, yeye akaweka chini kikapu cha udongo ili amwinue. Filimbi ilikuwa haijalia. Alipigwa kwa rungu mkononi. Kidole chake cha mwisho mpaka leo hakikunjiki. Nilikuwa nimekiona mara elfu kikinipa kiazi.

"Aliyenipiga, andika," akasema. Akataja jina.

Nililiandika. Ni jina ninaloandika juu ya kila karatasi tangu darasa la kwanza, lakini siku hiyo herufi zilitoka kama za mtoto.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Cucu."

"Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwa jina nikafunga daftari. Nikasema, "Cucu, pole. Hata sijui kama niko na haki ya kusema pole."

Akasema, "Wewe hukuwako. Hiyo najua. Lakini miaka hii yote nikitaka kukuita, hiyo jina inakwama hapa." Akashika koo. "Sasa, huu mtaro wa paipu. Sehemu yangu nani atachimba?"

Mradi wa maji ulikuwa umempimia kila mtu hatua zake za kuchimba, na asiyechimba bomba halifiki kwake. Watoto wa Cucu wako mbali, na sehemu yake yote ni mawe.

"Nitachimba mimi."

"Kesho," akasema.

Kesho yake nilifika na jembe na sururu. Cucu alikuja na kigoda, akakaa ukingoni, akajifunga leso vizuri. Halafu akamwita msimamizi wa mradi, ambaye huita watu kwa chai kwa filimbi. "Lete hiyo kitu."

Cucu akaipuliza mwenyewe. Ilitoka sauti ndogo ya kukohoa. Akapuliza tena, sasa ikalia mpaka ng'ombe akainua kichwa. Nami nikaanza kuchimba.

Nilichimba saa nzima. Nilipoinua mgongo kupumzika, filimbi ikalia. Halafu nikasikia akiniita kwa jina. Jina langu lote, kwa nguvu, mbele ya watu.

"Chimba!" akasema. "Na unyooshe huo mtaro, unapinda kama mkia wa nguruwe!"

Yule mama wa mboga, aliyekuwa akichimba sehemu ya pili, aliangua kicheko. Cucu naye akacheka mpaka akafuta macho na leso. "Nimengoja kukaa nikiona huyu mtu akichimba," alimwambia, "tangu nikiwa na meno yote."

Mimi nilicheka nikiwa ndani ya shimo, na machozi yakaingia mdomoni pamoja na vumbi. Sijawahi kuona kazi nyepesi namna hiyo, na mikono ilikuwa imetoka malengelenge.

Barua ilienda na jina likiwa ndani. Cucu alikataa nilifute. "Wale wa ng'ambo waliompa filimbi wasome," alisema. "Na wao wakitaka kuja, jembe iko." Shamba la mtoni bado liko kwetu. Nimeanza kuzungumza juu yake na baba wakubwa na baba wadogo, na wawili wamenikasirikia. Sitaacha.

Lakini asubuhi sasa nikikata kona ya mwisho, kabla hata sijapiga honi, nasikia jina langu likiitwa kutoka kilimani: kiazi kinapoa.