Samadi Niliyoihamishia Njoro

Kwa miaka mingi baba alipulizia kahawa mrututu, ile dawa ya shaba inayoacha majani na rangi ya buluu. Alipofariki tuling'oa mibuni, mama akapanda maharage palepale kihambani, kwenye shamba letu linalozunguka nyumba. Yalistawi. Kila msimu alimwaga samadi ya ng'ombe wake wawili, hadi mimi, mwenye shahada ya kemia, nilipomwambia anajichosha bure, mbolea ya dukani inatosha. Samadi nikaipakia kwenye gari nikaishusha Njoro, kwenye bustani yangu ya maua. Sikumwambia kwamba wazo hilo la kitaalamu lilitokana na mahitaji ya bustani hiyo.

Msimu wa pili maharage yakawa ya manjano, mizizi mifupi kana kwamba imeunguzwa. Mama alilaumu mvua, kisha mbegu aliyonunua Sanya Juu. Mimi hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilijua kilichotokea. Shaba ya baba haikuondoka na mibuni. Mmea unaihitaji kidogo mno. Ikizidi inaumiza mizizi. Samadi iliyooza huishika sehemu kubwa na kuacha chembe chache tu zikiwa huru kwenye maji ya udongo. Mzizi ukizinywa hizo, samadi inaachia nyingine. Zikiongezeka ghafla inazidaka, mradi bado ina nafasi. Kwa hiyo zile zilizo huru hazibadiliki sana. Wanakemia huita mpango huo bafa. Mama aliuita samadi. Mimi nilimwondolea, kisha mbolea yangu ikautia udongo uchachu, na penye uchachu hata samadi iliyobaki huachia shaba.

Kwetu anayeomba msamaha wa kweli huja na jani la isale, ule mmea wa mipakani. Nilijikuta nimesahau kulitafuta, nikakata moja mlangoni pa kihamba chake. Nikamwamkia, nikaeleza yote, maua yakiwemo. Alisikiliza huku akimenya ndizi.

"Isale hili ni langu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na maua yamependeza?"

"Sana."

Akalipokea, akaliweka mapajani. "Basi irudishe samadi yote, baba. Na uichimbe mwenyewe, usimtume kibarua."

Jumamosi asubuhi nilianza kung'oa mawaridi. Mke wangu aliuliza kama nimepata wazimu. Nikamwambia bado namwomba mama msamaha.