Vidonge vya Nyumba Mbili

Tangu alipokuja Eldoret kufulia watu nguo, Mama Tryphosa hakuwahi kumwambia mtu "sitaki." Ukimpa chai alikunywa, hata kikombe cha saba. Ndivyo alivyoolewa pia, na kila akisimulia alicheka mpaka kamasi zikamtoka.

Uzeeni akakaa mtaa wa Huruma, katikati ya vyumba vya wanawe wawili. Moyo ulipomsumbua, aliandikiwa kidonge kimoja kwa siku. Wanawe, kwa kuogopa wake zao wasije wakaoneana wivu, wakagawana vidonge kimyakimya, kila mmoja akampa mkewe fungu lake. Basi Nekoye, mke wa mkubwa, akawa anampa chake asubuhi, na Nangila, mke wa mdogo, chake jioni, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Na Mama? Alimeza vyote, akashukuru!

Wiki ya tatu Huruma yote ikageuka manjano machoni pake. Maziwa manjano, shati la mchungaji manjano. Wee, alifurahi! Alidhani Mungu amemfungulia macho. Jumapili akacheza na kwaya mpaka akaanguka kama gunia la mahindi.

Katika wodi ya mahututi moyo wake ulipiga pigo moja, ukapumzika, ukapiga jingine. Sista Kageha akamwinamia.

"Mama, vidonge vya moyo ulimeza vingapi kwa siku? Kama vimezidi, ndivyo vinavyokuonyesha manjano, na daktari ana sindano ya kupigana navyo. Lakini lazima tujue."

Mama akatazama mlangoni. Nekoye na Nangila walisimama pale, kila mmoja na chupa ya uji wa moto. Akisema viwili, si wataitwa wauaji mtaa mzima? Akanyamaza. Moyo nao ukanyamaza kidogo, na hapo akaogopa kweli.

"Viwili," akasema. "Kila nyumba kimoja. Lakini kosa ni langu, Sista. Mimi sijui kukataa."

"Woi!" Nekoye akashika kichwa. Nangila akamshikilia mwenzake, wakalia pamoja.

Daktari Githinji akamdunga ile sindano, atropini, ya kuharakisha moyo. Haikupita muda, moyo ukashika mwendo, mdomo ukakauka, na Mama akachangamka ajabu. Aliimba pambio, akamwita daktari mchumba, akamuuliza kama ana ng'ombe. Sista Kageha alicheka hadi kofia ikaanguka.

Siku ya tatu shuka zilikuwa nyeupe tena machoni pake, akaruhusiwa kula. Wakaza wanawe wakammiminia vikombe viwili vya uji kwa pamoja.

"Leo nakunywa wa Nekoye," akasema. "Wako, Nangila, sitaki."

Nangila akaangua kicheko, machozi yakimtoka, akaketi kitandani kando ya mama mkwe wake, akaunywa uji wake mwenyewe.