Kobe na Propela Iliyoganda

Kaka yangu wanamwita Kobe. Walimpa jina hilo madereva, kwa hasira, maana lori likiingia mikononi mwake leo usilitarajie leo. Yeye hata hakununa. "Niiteni mnavyotaka," huwaambia, "lakini lori nililolifunga mimi halirudi hapa likivutwa kwa kamba."

Mimi ni mdogo wake. Nina kibanda cha nati, bolti na beringi getini mwa gereji ileile, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Na mdomo wangu hauna breki. Mnisamehe, au msinisamehe, shauri yenu.

Kobe alianza kazi pale wakati paa la gereji bado ni turubai. Siku walipoezeka bati, tajiri mwenye gereji, Mungu amrehemu, alimkabidhi funguo za kabati la spana, na kwa miaka thelathini funguo hizo zimening'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Analala nazo. Wifi yangu alikuwa akilalamika kwamba zinamchoma ubavuni kuliko maneno ya majirani.

Tajiri alipofariki, mwanawe akawa meneja. Si kijana mbaya, ila ana haraka, na ana macho. Akaligundua lile tulilolificha miaka miwili: Kobe anaingiwa na ukungu machoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea namba za spana. Mimi ndiye niliyempigia spana zote alama kwa tupa, azitambue kwa kidole. Nilipoona Meneja ameanza kumtazama kwa jicho la pembeni, asubuhi moja nikamwambia, "Kaka, rudisha funguo kwa heshima yako, uje ukae na mimi kibandani." "Hata wewe?" akasema. Basi. Chai yangu siku hiyo ilipoa mezani.

Na siku hiyohiyo, saa tatu, lori likaingia.

"Fundi," dereva akasema, "nikiondoa gari tu, huko chini panagonga, ngo! Nikipita kwenye matuta, natetemeka mpaka meno."

Kobe akajilaza chini ya lori. Propela ni ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka difu ya magurudumu ya nyuma. Katikati ina kiungo cha kuteleza: chuma chenye meno kimeingia ndani ya chuma kingine chenye meno, ili lori likiruka tuta, propela irefuke na kufupika kidogo. Hii haikurefuka wala kufupika. Kobe akapapasa nipeli, mahali pa kupigia grisi, akacheka peke yake.

"Nani amelipaka rangi lori hili?"

"Tajiri wangu. Alitaka lipendeze."

"Limependeza. Rangi imeziba nipeli, grisi haijaingia tangu siku hiyo. Kiungo kimeganda kwa kutu."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yetu. "Leteni gesi. Tukipashe mpaka kiwe chekundu, kitaachia chenyewe. Mzee, wewe pumzika."

"Kikiwa chekundu, chuma kinalegea," Kobe akajibu. "Mwezi mmoja, meno yamekwisha. Nipe mpaka saa tisa, kitakuwa kimeachia."

"Na kisipoachia?"

Kobe akazishika funguo. "Utazichukua hizi."

Miaka thelathini mizima ya maisha ya mtu, imewekwa juu ya chuma chenye kutu. Nilitaka kumkanyaga mguu.

Kabla hawajaifungua propela, Meneja akachukua chaki, akachora mstari mmoja uliovuka vyuma vyote viwili, ili wakati wa kurudisha, meno yaingie palepale yalipotoka. Alichora vizuri, siwezi kumsingizia. Kobe yeye akaomba panchi, kile kichuma chenye ncha cha kutia alama, akagonga nukta moja kwenye chuma cha nje na nyingine kwenye cha ndani, zikitazamana.

"Mzee, chaki nyeupe hiyo, huioni?" Meneja akauliza. Mafundi wakacheka.

"Chaki ni ya shule," Kobe akasema.

Wakaishusha. Kobe akachanganya mafuta ya taa na oili, akamimina kwenye mdomo wa kiungo, akaacha yanywewe. Akafunga upande mmoja kwenye nguzo, upande wa pili akauvuta kwa winchi ya mkono, kidogo tu, kamba ikaze. Akaweka kipande cha mbao na kugonga kuzunguka kiungo: ko, ko, ko. Akamwaga maji ya moto kwenye chuma cha nje peke yake, kipanuke. Akamimina tena mafuta, akagonga tena. Saa sita, hakuna kitu. Saa saba, hakuna kitu. Fundi mmoja akamwambia achukue nyundo kubwa. "Thubutu!" Kobe akafoka. "Chuma hakipigwi kama mwizi."

Saa nane nilifunga kibanda. Nikaenda kusimama karibu na winchi. Meneja alipita mara tatu akitazama saa yake. Nilimchukia, nasema kweli, na nilijichukia mimi zaidi kwa maneno yangu ya asubuhi.

Saa nane na nusu kiungo kikalia kama mlango wa kabati bovu. Kutu ikamwagika. Kikasogea upana wa kidole, kisha viwili, kisha kikatoka chote.

Kobe hakushangilia. Akaosha meno kwa dizeli na brashi ya waya, akapitisha kidole kwenye jino mojamoja. "Yote mazima," akasema, akayapaka grisi.

"Hapo umeweza, sikatai," Meneja akasema. "Kuunganisha niachie mimi. Kunataka macho."

Akaichukua propela, akaigeuza. Akaigeuza tena. Ebo! Chaki iko wapi? Mafuta ya taa, maji ya moto na dizeli vilikuwa vimeifuta, haikubaki hata vumbi lake.

"Nitapanga masikio, haya ya kufungia ncha za propela, huku na huku yaelekeane," akasema, jasho linamtoka.

"Hapo unabaki na njia mbili," Kobe akamwambia. "Propela imesawazishwa kwa moja. Ukikosea, itatetemeka mpaka ikatike."

Dereva akaruka. "Meneja, mwenye kukaa juu yake ni mimi! Usinibahatishie maisha."

Kobe akasogea. Akafumba macho kabisa, makusudi, kila mtu aone. Dole gumba likazunguka chuma cha nje, likasimama. Likazunguka cha ndani, likasimama. Akazileta zile nukta mbili pamoja, akasukuma, meno yakaingia kwa ulaini.

Wakaifunga. Nipeli mpya ilitoka kibandani kwangu. Kobe akapiga grisi mpaka ikachungulia nje, kisha akamwonya dereva: "Kila ukibadilisha oili, pampu ya grisi ipite hapa. Na tajiri wako rangi akapake milango." Dereva akaenda kulijaribu, akarudi amechomoza kichwa dirishani. "Kimya!" akapiga kelele. "Kimya kabisa!"

Kobe akabaki amesimama katikati ya gereji, mikono imejaa grisi.

"Nisikilizeni, nimechoka kujificha. Macho yangu yanaondoka. Mdogo wangu alijua, sasa nanyi mmejua. Macho yanaondoka, mimi siondoki. Anayezitaka funguo hizi aje azivue shingoni mwangu."

Hakuna aliyesogea. Mimi nililia, mbele za watu, bila aibu. Meneja akajikuna kisogo, akaingia ofisini.

Wiki iliyofuata ikaja propela nyingine. Meneja akatoa chaki mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Panchi iko wapi?"

"Kabatini," Kobe akasema.

"Kabati limefungwa."

Kobe akaendelea kujifuta mikono, taratibu, kile kitaratibu chake kinachowaudhi madereva.

"Basi omba funguo, mwanangu."

Meneja akatutazama sote.

"Naomba funguo, mzee."